Vilivyokutwa Mfukoni

Jumatatu, 4 Mei

Wifi yangu Fundi,

Tumeshinda! Najua redio imeshakwambia, lakini redio haikuwapo, mimi nilikuwapo. Viti arobaini na kimoja kati ya hamsini! Watu walimbeba mume wangu juu juu kutoka ofisi ya chama hadi mlangoni kwetu. Kiatu kimoja kikapotea njiani, akaingia ndani kidole gumba kinachungulia kwenye soksi. Wale pacha walicheka mpaka wakakaa chini. Serikali yetu wenyewe inaapishwa tarehe 30. Mwezi huu huu, wifi!

Kila mtu anasema ushindi ni wa kaka, ingawa yuko kizuizini mwaka wa tatu huu na mume wangu ndiye anayemkaimia kiti cha chama. Wanaimba jina la kaka, halafu wanampigia makofi mume wangu. Nami nasimama katikati, dada wa mmoja na mke wa mwingine, sijui nimwinamie nani.

Sasa sikia hili. Jumamosi mke wa Gavana aliniita chai. Mimi! Akanitembeza katika nyumba atakayokaa Waziri Mkuu. Ina ngazi ndani, na chini ya ngazi kuna kioo kinachokuonyesha kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Nilishuka mara tatu kwa kisingizio cha kusahau mkoba. Mapazia yake ungeyashika ungelia, mshono wake huuoni hata ukiutafuta.

Nina kazi mbili kwako. Koti la kijivu la mume wangu linamkaba, karamu za ushindi zimemwongeza kiuno. Nitalileta uliachie kidogo. Na mimi nataka gauni la siku ya kuapishwa. Nimeona kitambaa cha zambarau katika duka lililo mkabala na ofisi ya chama, kwingine kokote hakipo. Nikipata nafasi nitakinunua nikutumie.

Kuhusu kaka, bado kimya. Gavana hajasema lolote. Ningejua ningekwambia.

Barua zetu zitabebwa na kondakta wa treni, mtu wetu. Za posta polisi wanazisoma kabla yetu.

Wifi yako,
Mama Pacha

---

Alhamisi, 7 Mei

Mama Pacha, wifi yangu mpenda vioo,

Hongera zako, na hongera za shemeji na soksi yake. Hapa kwetu watu walicheza barabarani mpaka askari anayenichunga, yule ninayemwita Bwana Kivuli, akatikisa bega. Nilimwona kwa macho yangu. Anakaa ng'ambo ya barabara kutwa, kazi yake kuhakikisha sipandi treni kuja huko mji mkuu, maana amri ya kunifungia mji huu bado ipo. Juzi kifungo chake kilidondoka. Nikamwita, nikamshonea. Ukichungwa na mtu aliyevaa ovyo, na wewe unaonekana ovyo.

Nimefanya jambo la kipumbavu, usinicheke. Nimekata suti ya Mrefu. Ndiyo, kaka yako. Nilifungua daftari la vipimo, nikakuta vyake: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, mguu mrefu kama kesi. Nikatandika kitambaa cheusi mezani nikakata. Nchi nzima inajiandaa kwa tarehe 30, na mimi nina mume, kwa nini nisijiandae? Miaka miwili na miezi saba. Ukisikia neno lolote, hata la kuokota dirishani, nitupie.

Koti lilete. Ila mwambie shemeji atoe vitu vyake kwanza. Kanuni yangu unaijua: kilichomo mfukoni mwa mteja si changu. Sikisomi, sikifungui, kinaingia kwenye bahasha, bahasha inagundishwa na juu yake naandika orodha. Mara ya mwisho katika suruali ya shemeji nilikuta jino. Sikuuliza la nani. Niliandika "jino moja", nikalirudisha.

Fundi wa miaka kumi na tisa kazini haishi kwa sindano tu, anaishi kwa kufunga mdomo.

Wifi yako,
Fundi

---

Jumamosi, 9 Mei

Wifi,

Haraka haraka, kondakta anasubiri mlangoni na treni haimsubiri.

Koti hilo. Lifungue mwenyewe, likifika tu. Usilitundike, usiseme nitalishughulikia kesho. Lipekue vizuri, hasa mfuko wa ndani wa kushoto. Nadhani bitana yake imechanika, sijui, wewe ndiye fundi. Angalia tu. Angalia kwa makini.

Mume wangu hajui kama nimelituma leo. Alidhani litakwenda wiki ijayo.

Mwenye macho haambiwi tazama.

Mama Pacha

---

Jumanne, 12 Mei

Mama Pacha,

Koti tayari. Nimeliachia inchi moja na nusu kila upande, akiendelea na karamu asinitafute. Nimempa kondakta alipeleke ofisini kwa shemeji mwenyewe, mkononi, kwa kuwa yeye ndiye mteja. Bahasha ya vitu vyake nimeibana kwenye ukosi kwa pini. Orodha niliyoiandika juu ni hii, uwe nayo na wewe:

Vilivyokutwa mfukoni: kitana kimoja. Peremende mbili, moja imeanza kuliwa. Karatasi moja ndefu, imekunjwa mara tatu, haikusomwa.

Bitana ya mfuko wa ndani niliikagua. Haikuchanika.

Mwandiko wangu leo usiujali, nimejichoma sindano kidole cha shahada.

Fundi

---

Jumatano, 13 Mei

Fundi! Fundi! Fundi!

Haikusomwa? Haikusomwa! Wewe mwanamke umeumbwa kwa nini? Karatasi ina muhuri wa Gavana mkubwa kama kisahani, imekaa mikononi mwako siku mbili, na wewe unahesabu peremende!

Basi nitasema. Nilikuwa sitaki kusema. Nilitaka siku moja mume wangu akiniuliza, niweze kuapa kwamba mdomo wangu haukusema na kalamu yangu haikuandika. Ndiyo maana nikaliacha koti liseme. Nilijua kanuni yako, lakini nikajidanganya kwamba macho ya binadamu yana njaa. Kumbe ya kwako yanafunga saumu!

Ile karatasi ni barua ya Gavana kwa mume wangu. Nimeisoma mara nyingi mpaka imeniingia kichwani. Inasema hivi: iwapo Kaimu Mwenyekiti ataomba kwa maandishi, kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa tarehe 15 Mei, mfungwa ataachiwa huru kabla ya serikali kuapishwa. Wasipopata jibu, watachukulia kwamba chama kimeridhika na uongozi wake wa sasa.

Umeelewa? Sahihi moja, wifi. Sahihi moja na kaka anatoka, anaapishwa yeye kuwa Waziri Mkuu. Ikikosekana, anaapishwa mume wangu, na kaka anabaki ndani, Mungu ndiye ajuaye mpaka lini. Na mume wangu ameikalia. Hajaionyesha kamati. Anaihamisha tu, leo droo, kesho koti.

Na mimi je? Niliiona tarehe 2. Nilipokuandikia kwamba Gavana hajasema lolote, nilikuwa nimeshaisoma. Nilikudanganya kwa sababu ya ngazi, wifi. Kwa sababu ya kioo. Nilijiona nikishuka, nikasema ngoja kidogo, siku moja tu, labda mume wangu atasaini mwenyewe bila mimi kujiingiza. Siku moja ikawa wiki. Halafu ukaniandikia kwamba umemkatia kaka suti. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia hadi wale pacha wakaniletea taulo.

Sasa barua imerudi kwake, na kwa nini ofisini? Ungeirudisha nyumbani ningeikamata! Leo ni Jumatano. Imebaki kesho na keshokutwa. Niambie cha kufanya. Niende kwa kamati? Nimpigie magoti? Nimpige mwiko? Niko tayari kwa lolote.

Mama Pacha

---

Alhamisi, 14 Mei

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kukaa nimeshindwa.

Kuhusu ngazi, nimekusamehe. Ningekuwa mimi ningeshuka mara tano.

Sasa nisikilize. Usiende kwa kamati. Ukienda, watagawanyika mara moja, nusu kwa kaka yako, nusu kwa mumeo, na Gavana atasema hawa hata hawajaapishwa wameshashikana mashati. Wewe utarudi nyumbani ambako hakuna atakayekuamini tena. Usimpigie magoti. Usimguse. Mpe chai yake, mnyoshee shati lake, zungumza naye habari za wale pacha. Usiulize neno moja.

Bahasha iko mezani kwake na orodha iko juu ya bahasha. Tumwachie shemeji na orodha yake.

Najua unasema nimerukwa na akili. Jikaze kisabuni. Mimi kesho nitakuwa kwenye cherehani yangu kutwa, Bwana Kivuli atanisikia napiga pedali.

Fundi

---

Jumamosi, 16 Mei

FUNDI! AMESAINI!

Amesaini, wifi, amesaini, amesaini! Kalamu inaruka, wale pacha wanaruka kitandani wala hawajui kwa nini, wameniona mimi naruka nao wakaruka!

Nikueleze tangu mwanzo. Jumatano alirudi na koti begani na bahasha mkononi, bado imegundishwa. Akakaa. Akasoma ile orodha yako. Akaisoma tena. Akaniuliza, "Hivi wifi yako ana kawaida ya kusoma vya watu?"

Nikasema, "Waulize wateja wake. Lile jino si lilirudi?"

Alhamisi jioni nikafanya kama ulivyosema, chai, shati, pacha. Nilijibana ulimi mpaka ukauma. Yeye anazunguka sebuleni na ile bahasha kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Ijumaa asubuhi akavaa koti, akasimama mbele ya kioo kidogo cha bafuni, akasema, "Limenikaa." Halafu akataka kuitia bahasha katika mfuko wa ndani. Mkono hauingii! Wifi yangu, kwa haraka zako ulishona mdomo wa mfuko ukafunga kabisa! Akajaribu, akajaribu, akabaki ameshika bahasha mkononi. Nikamwambia fundi amekosea, itie mfuko wa nje. Akasema wa nje itaonekana.

Ndipo akakaa ukingoni mwa kitanda na koti lake lililoachiwa. Akaniambia, na maneno yake ni haya, sikupunguza: "Mke wa mfungwa ameishika mkononi. Ameirudisha bila kuisoma, kwa kuniamini mimi. Mimi ningeisoma." Akasema tena, taratibu, "Mimi ningeisoma."

Akatoka bila kunywa chai. Kilichotokea ofisini nimeambiwa na mpiga chapa wa kamati. Aliwakalisha kitako tangu saa nane, akawasomea barua ya Gavana kutoka mwanzo hadi mwisho na tarehe yake. Mmoja akauliza, mbona ni ya wiki mbili zilizopita? Akajibu, "Kwa sababu nilikuwa naogopa kurudi kuwa wa pili." Hivyo hivyo! Halafu wakabishana saa nzima maneno ya kuandika, maana kamati ni kamati. Mpiga chapa akakosea mara mbili kwa hofu. Saa kumi kasoro dakika ishirini mume wangu akasaini, na tarishi akashuka ngazi za ofisi nne nne, akavuka barabara bila kutazama gari!

Alirudi jioni nikamwona amekonda uso, lakini alikula chakula chote. Hajawahi kunipendeza vile tangu tuoane.

Gavana amejibu leo asubuhi: kaka anatoka Jumatatu tarehe 25. Atapitishwa kwako kwanza. Amri yako ya kukaa huko imefutwa, unakuja naye. Malizia suti!

Gauni langu sina tena haja nalo. Kitambaa sikuwahi kukinunua, na jana mwenye duka aliniambia kipande cha mwisho kimechukuliwa na mwanamke mmoja aliyejifunika, aliyeshinda pale akipapasa kila jora dukani kwake. Potelea mbali. Nitavaa la zamani na nitang'aa kwa furaha!

Wifi yako anayelia na kucheka,
Mama Pacha

---

Jumatano, 27 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Amefika. Yuko chumba cha pili, amelala mchana kweupe na mlango wazi, hataki ufungwe. Kila nikimaliza mstari nakwenda kumchungulia.

Walimshusha pale nje juzi saa tatu asubuhi. Bwana Kivuli alisimama, akapiga saluti, halafu akashangaa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno. Miaka miwili na miezi saba nimeyapanga. Nikaishia kusema, "Vaa suti." Akavaa. Wifi, ilimmeza. Mabega yalianguka hadi nusu ya mkono, kiuno kikataka mtu mwingine aingie. Nilimkatia mume niliyekuwa naye, siyo aliyerudi. Akajitazama akasema, "Fundi, umeshona hema." Tukacheka, nikalia, nikachukua futi nikampima upya, kila pahali, polepole. Kifua thelathini na saba. Nimeandika chini ya vile vya zamani. Vya zamani sikuvifuta.

Amemsifu mumeo kutwa. Anasema, "Shemeji angeweza kunyamaza na hakunyamaza. Nitamweka kulia kwangu." Nikasema, ndiyo, mweke.

Sasa kaa chini, kisha uichome barua hii ukimaliza.

Katika furushi hili kuna gauni lako. Kitambaa utakitambua. Yule mwanamke aliyejifunika dukani nilikuwa mimi.

Alhamisi ile nilipanda treni. Nilisafiri pamoja na barua yangu mwenyewe ya kukwambia sitoki nyumbani. Jirani yangu muuza maziwa alikaa kwenye cherehani, akapiga pedali siku nzima bila uzi ili Bwana Kivuli asikie. Ijumaa tangu duka lilipofunguliwa nilikuwa mle ndani, mkabala na dirisha la shemeji, na mkobani nina nakala ya barua ya Gavana, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu. Nilijiambia saa kumi kasoro robo navuka barabara, naingia, naisoma mbele ya kamati, liwalo na liwe. Nilishika kila jora. Mwenye duka alikaribia kunifukuza. Ilipofika kasoro dakika ishirini nikamwona tarishi anatoka mbio, bahasha kaishika kwa mikono miwili. Mwenye duka akauliza, "Mama, unanunua au hununui?" Nikamwambia, nipe hicho cha zambarau, chote.

Ndiyo, wifi. Niliisoma. Koti lilipofika tu, kabla sijavua subana ya kushonea kidoleni. Miaka kumi na tisa sijasoma cha mfukoni mwa mtu, hiki nilikisoma mara nne. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, nami nilikuwa na nguo yenyewe mezani. Nilitaka kupanda kwenye paa nipige kelele. Halafu nikafikiri. Nikipiga kelele, mume wangu atatoka, lakini mumeo atakuwa adui yake maisha, na wewe utakuwa uliyemsaliti. Mtu akiporwa hukumbuka aliyempora. Akitoa mwenyewe, hukumbuka kwamba alitoa. Basi nikagundisha bahasha, nikaandika "haikusomwa", neno la uongo pekee lililowahi kutoka katika kibanda changu. Kisha nikachukua uzi wa kijivu, mishono midogo kabisa, nikaufunga ule mfuko wa ndani ili asiwe na pa kuificha tena. Unasema nilikosea. Mimi mfuko sikosei.

Mumeo asijue kamwe. Wangu pia simwambii. Waache wawili hawa waamini kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine alikuwa na bahati. Ni kweli pia, kwa upande wake.

Tarehe 30 tutakaa safu ya mbele, mimi na wewe. Ukitaka kushuka kwenye ile ngazi, njoo wakati wowote, nitakushikia mkoba.

Gauni nimelitia mfuko mmoja, ubavuni kulia. Likikubana ukataka kunirudishia niliachie, hakikisha kwanza hujasahau kitu ndani. Siku hizi nasoma.

Wifi yako,
Fundi